Koti Lisiloonja Sabuni

Koti la marehemu mwanangu lilikuwa halifuliwi. Mimi na mjukuu wangu tulikubaliana hivyo bila kuambiana. Kila Ijumaa jioni alilileta kutoka maabara limekunjwa ndani ya mfuko, nami nikalitoa, nikalikung'uta, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba changu. Jumapili nalinyunyizia maji ya wanga na kulipiga pasi mpaka mikono yake inasimama yenyewe. Jumatatu linarudi kazini limenyooka kama karatasi mpya. Huko kazini nani angeshuku kwamba nguo iliyonyooka vile haijaonja sabuni tangu mwenyewe afariki?

Sababu ilikuwa harufu. Pale kwenye kola, karibu na kifungo cha juu, mwanangu alikuwa bado yupo: mafuta yake ya nywele, jasho lake, na kitu kingine kikavu ambacho sikukijua jina, cha huko huko kazini kwake. Pasi ya kola niliipitisha juu juu, kama unavyompapasa mtoto aliyelala. Mvuke ukipanda, naye anapanda nao. Watu wengine wana picha ukutani. Mimi picha zinanikodolea macho tu, hazinipumulii.

Huyu mjukuu tunamwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu husema neno moja tu na hilo moja linachoma. Nimemlea tangu mama yake alipotutoka, akiwa bado anavaa soksi za shule. Mama yake, ndiye huyo mwanangu, alikuwa fundi wa maabara ya hospitali kubwa. Siku moja akaingia hospitali hiyo hiyo kwa mlango wa wagonjwa, upasuaji wa tumbo wa kawaida kabisa, kidonda kikaingiwa na bakteria waliogoma kufa. Dawa hii, wapi. Dawa ile, wapi. Asubuhi ya mwisho nilikuta wameshamfunga shuka mpaka juu ya uso, wakanikataza kumfungua, eti kwa usalama wangu. Nikamshika mguu juu ya shuka. Basi.

Sindano alipokua akasomea mambo hayo hayo, akaajiriwa maabara ile ile, akapewa meza ile ile ya mama yake. Koti akaliomba kwangu. Nilimpa kwa sharti la Ijumaa.

Niliwahi kumuuliza kazi yake ni nini hasa, maana akirudi hana mafuta mikononi, hana chaki, hana vumbi, utadhani alikwenda kukaa tu. Akanijibu kwa kitendawili, kwa kuwa anajua huo ndio mlango wangu.

"Dhahabu yangu si ya manjano, ni nyekundu. Mwizi akipita inakuwa buluu."

Nilihangaika nacho tangu kumenya vitunguu mpaka kuepua chungu. Nikampa mji mmoja, akakataa. Nikampa mwingine mkubwa wenye uwanja wa ndege, ndipo akanifungulia. Dhahabu, alisema, ikisagwa mpaka chembe zake ziwe ndogo kuliko hata bakteria mwenyewe, ukiitia majini inakuwa nyekundu kama sharubati. Kila chembe wanaivisha vindoano. Vindoano hivyo vinashika kitu kimoja tu duniani: jeni ya usugu, yaani lile andiko lililo ndani ya bakteria, linalomfundisha namna ya kuivunja dawa. Jeni ikiwemo, vindoano vinaidaka, chembe zinavutana na kukumbatiana, maji yanageuka buluu. Isipokuwemo, yanabaki mekundu.

"Ukiotesha bakteria kwenye sahani ili ujue ni dawa gani inamuua, unangoja siku kadhaa," alisema. "Hii, unamaliza chai na jibu lako liko tayari."

"Dhahabu yote hiyo mnayo, na paa letu linavuja."

"Bibi, dhahabu yetu ya mwezi mzima haitoshi hereni ya sisimizi."

Ila dhahabu haiaminiwi hivi hivi. Kila wanapopima uchafu wa kidonda cha mgonjwa, wanapanga pembeni tyubu mbili za ushahidi. Moja imetiwa maji safi matupu; hiyo sharti iseme hapana, ibaki nyekundu. Nyingine imetiwa jeni yenyewe, inayojulikana. Hiyo sharti iseme ndiyo. Mojawapo ikidanganya, majibu ya siku hiyo yote yanamwagwa.

Basi tyubu ya hapana ikaanza kusema ndiyo.

Sindano alinisimulia akiwa amenipa mgongo, anaosha vyombo. Maji matupu, hamna mtu ndani, yanakaa mekundu kitambo, halafu yanaanza kuiva. Zambarau kwanza, halafu buluu. Taratibu, alisema, kama mtu anayefungua mlango hataki kuamsha waliolala. Wakamwaga maji, wakaleta mengine. Buluu. Wakasugua meza kwa klorini mpaka macho yakawatoka machozi. Buluu. Wakatengeneza dhahabu mpya kutoka mwanzo. Buluu. Yeye ndiye alikuwa mchanganyaji, kazi haikupita mkono mwingine.

"Mama mmoja wa zamani pale, aliyefanya kazi na mama, kaniambia kitu," alisema.

"Kakwambiaje?"

"Kaniambia hii meza ilikuwa ya mama yako. Anakusalimia."

"Alikuwa anatania."

"Alikuwa anatania. Lakini hakucheka."

Nilitaka kumjibu kwamba kama ni kusalimia, mbona nyumbani hasalimii. Nikaumeza ulimi wangu. Kwa sababu nyumbani alikuwa anasalimia.

Sitawaficha. Jumamosi moja asubuhi nilitoka kuanika nguo, niliporudi chumbani nikakuta lile koti limegeuka. Nililitundika likitazama chumba. Sasa lilikuwa linatazama mlango, kama mtu anayetaka kutoka, na mkono mmoja umeingia mfukoni. Dirisha lilikuwa wazi, najua. Upepo una nguvu, najua. Lakini upepo gani unaingiza mkono mfukoni? Mwanangu ndivyo alivyosimama akiwa ana jambo la kusema na hajui aanzie wapi. Sikuogopa. Nilikaa kitandani nikamwambia, "Sema tu mama, nakusikiliza." Nikakaa mpaka uji ukaungua jikoni.

Tangu hapo nikazoea kulisemesha. Nikiingia, hodi. Nikitoka, nakuja sasa hivi. Sindano alinisikia mara moja, akapita bila kusema kitu, na kwa mtoto yule kunyamaza kuna maana nyingi. Ijumaa zake zikaanza kuwa za mapema. Akishanipa tu mfuko anauliza, "Umeshalitundika?" Na hata nikiamka alfajiri nilimkuta wakati mwingine amesimama nyuma ya mlango, pua kwenye kola.

Ndipo mdogo wangu akaugua. Tunamwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Ana kisukari cha miaka, na figo zake zilishaanza kuchoka. Alikanyaga kitu uani, mwenyewe hakusikia hata kuchomwa, na kufikia kulalamika mguu ulikuwa umevimba kama gogo na kidonda kinanuka. Wakamlaza.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alituita mimi na Sindano kando ya kitanda ili mgonjwa naye asikie.

"Wazee wangu, dawa ziko mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, haimsumbui. Lakini kama hawa bakteria wana jeni ya usugu, hiyo ni sawa na kumwekea maji. Ya pili ndiyo ya mwisho tuliyo nayo. Inaua bakteria, lakini inauma figo. Na figo za mzee mnazijua."

"Zikifa?" niliuliza.

"Huenda asipone. Akipona, maisha yake yatakuwa ya mashine ya kusafishia damu."

"Daktari," Redio alisema kutoka kwenye mto, homa imemkausha midomo, "mimi na figo zangu tumetoka mbali. Usije ukatugombanisha uzeeni."

Daktari akatabasamu kidogo, kisha akamgeukia Sindano. Uchafu wa kidonda ulikwishapelekwa maabara yao. Angengoja jibu la dhahabu mpaka kesho mchana. Homa ilikuwa inapanda, na wale bakteria wa kuoteshwa kwenye sahani wasingewahi. Jibu lisipopatikana, angemwekea dawa ya mwisho, kwa kuwa hawezi kucheza kamari na mguu uliooza.

Jioni ile Sindano alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi. Mkononi ana ule mfuko wa Ijumaa.

"Ya Babu Redio ni buluu," alisema.

Nilishika ukingo wa benchi.

"Na ya maji ni buluu. Zote buluu, Bibi. Kwa hiyo sijui chochote."

"Rudia."

"Nimerudia mpaka Mkuu wa maabara kanifukuza nikapumzike."

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, kama waliogombana. Nikalitundika koti. Kwa mara ya kwanza sikulipigia hodi. Nililiangalia nikasema, "Kama ni wewe unayechezea maji ya watu, mjomba wako yuko hoi kule." Lilikaa tu limeinamisha mabega.

Jumamosi Sindano aliondoka kabla ya chai, mimi nikapitia wodini. Redio alikuwa haongei. Nawaambieni, nimemjua mtu yule tangu anatambaa, sijapata kukaa naye hata robo saa ya kimya. Alinitazama akasema, "Dada, pasha habari," kisha akafumba macho. Basi nikampasha. Nilimweleza kuku wa jirani, nikamweleza bei ya mkaa, nikamtegea vitendawili na kujitegulia mwenyewe. Daktari akapita, akachukua uchafu mwingine wa kidonda kwa pamba mpya, akatazama saa yake. Nikarudi nyumbani kumchemshia uji mwepesi, maana wa hospitali aliukataa.

Uji haujatokota, Sindano akaingia anahema, bila kuvua viatu.

"Maji yamebaki mekundu," alisema.

"Alhamdu—"

"Ngoja, Bibi. Leo nimevaa koti la kuazima. La mama liko hapa." Macho yake yalikuwa yanatazama mlango wa chumba changu. "Siku zote nikichanganya nimelivaa. Leo sikulivaa, na maji yamesema hapana."

Nilizima jiko. Sijui kwa nini, nilihisi habari kama ile haisikilizwi huku moto unawaka mgongoni.

"Unasema ni yeye."

"Mama alikuwa na kazi ya kurudufisha zile jeni. Kuna mashine, unaiwekea moja inakutolea nakala nyingi kuliko mchanga. Ukifungua kifuniko zinaruka, huzioni, zinatua kwenye mikono ya nguo. Zimekaa pale miaka yote. Mimi ninaponyoosha mkono juu ya tyubu, zinadondoka."

"Na zinaambukiza?"

"Haziambukizi. Ni maandishi tu, mwenye nayo alishakufa zamani. Lakini dhahabu haijui kilicho hai na kilichokufa, Bibi. Ikiona andiko, inageuka buluu."

"Basi tuko sawa mimi na hiyo dhahabu," nilisema.

Alitoa pamba kwenye kifuko chake, akaingia chumbani. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya koti, mkono umeganda hewani.

"Mkuu hawezi kutoa jibu la Babu mpaka tujue kwa hakika buluu ilitoka wapi," alisema. "Anasema nyekundu ya leo inaweza kuwa bahati tu. Nipanguse mikono ya koti, nipime. Ikiwa buluu, tumempata. Halafu..."

"Halafu?"

"Liloweshwe kwenye klorini. Lote. Na shuka lako, na pazia, na nguo zangu za kazi. Mimi mwenyewe nioge kabla ya kurudi kule. Na lisikanyage tena maabara."

Nilisimama kati yake na mlango. Najua nilisimama, maana alilazimika kunizunguka. Sikuwa nimekusudia, miguu ilikwenda yenyewe. Nilisema maneno ambayo bibi hatakiwi kumwambia mjukuu mwenye haraka: kwamba hata kola ibaki, tukate kola, kola haikunyooshwa juu ya tyubu ya mtu. Nikasema kwamba mwenyewe analia kwa harufu ile kila Ijumaa, anadhani simwoni.

"Naenda kuoga," alisema. "Nikitoka nitapangusa tu. Kuloweka utaamua wewe."

Aliponiacha pale nililishika. Niliingiza mkono wangu ndani ya mkono wa koti, mpaka vidole vikatokea upande wa pili. Kulikuwa na joto ndani. Jua lilikuwa limelipiga tangu asubuhi kupitia dirishani, hilo nalo nalijua. Nikatia uso kwenye kola nikavuta, nikavuta tena, mpaka kifua kikauma. Kule wodini kulikuwa na mtu hai aliyenyamaza. Huku kulikuwa na mtu aliyekufa, na siku zote hizi mimi ndiye niliyekuwa namsemea.

Sindano alipotoka na nguo safi alipangusa mikono ya koti, akaitia pamba kwenye kichupa, akakifunga. Hakunitazama.

"Nenda," nilimwambia. "Nitaloweka mimi."

Nilimimina maji kwenye beseni kubwa, nikatia klorini kama alivyonielekeza, mpaka pua ikawaka. Nilianza na miguu. Koti halina miguu, nasema pindo la chini. Kisha mgongo. Kisha mikono, mmoja mmoja, kiwiko mpaka kidole. Maji yalitoka ya hudhurungi, machafu kuliko nilivyofikiri. Kola niliiacha mwisho. Sikuruhusiwa kumwosha siku ile, wala kumfunua uso. Nikaisugua kola kwa mikono miwili mpaka harufu ya klorini ikala kila kitu, na nilipolinyanyua lilikuwa linanuka kama sakafu ya hospitali. Nikalikamua, nikalianika uani mchana kweupe. Lilining'inia tu. Upepo ulilipita kama unavyopita shati la mtu yeyote.

Niliyemkuta mlangoni pa maabara ni Mkuu mwenyewe, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimjua mwanangu tangu anaajiriwa. Hakuniruhusu kuingia, lakini alinisimamisha nje ya dirisha la kioo. Ndani Sindano alikuwa na koti la kuazima linalompwaya, na mbele yake tyubu nne kwenye kibao. Zote nyekundu.

"Ya kwanza hiyo ni maji," Mkuu aliniambia. "Ya pili pamba ya koti. Ya tatu Redio. Ya nne ni ile ya ndiyo."

Tukangoja. Sijawahi kuyatazama maji namna ile. Ya pili ilianza, zambarau kwenye kitako, ikapanda. Wakati huo huo ya nne nayo ikaanza. Zikaiva pamoja, hatua kwa hatua, kama ndugu wawili wanaopanda ngazi. Ya maji ikabaki nyekundu. Ya Redio ikabaki nyekundu. Nilingoja igeuke. Nilingoja na kungoja, na Sindano naye hakubandua macho, mpaka Mkuu akavua miwani akasema, "Inatosha. Mpigieni daktari. Ya kawaida."

Nilihesabu tyubu upya mpaka ya tatu, nisije nikawa nimekosea.

Sindano alitoka, akanishika mkono.

"Umeiona, Bibi. Nyekundu."

"Nimeiona. Ya koti nayo nimeiona." Nilitazama tena kule ndani. "Na ile nyingine ya buluu, ya ndiyo. Hiyo jeni mliitoa kwa nani?"

Mkuu akaanza kufuta miwani yake iliyokuwa safi. Sindano akakaza vidole kwenye mkono wangu.

"Kwenye kidonda cha mama," alisema. "Tunayo kwenye friza. Aliwaambia mwenyewe waitunze, kabla hajaacha kuongea. Dhahabu yote tulijifunzia kwayo. Bila hiyo hatuna wa kutuambia kama dhahabu inaona."

"Kila siku mnaitoa?"

"Kila siku kidogo."

Nilitaka kuuliza kwa nini sikuambiwa, lakini nilijua kwa nini. Niliweka kiganja kwenye kioo. Tyubu ya nne ilikuwa buluu iliyokolea, imetulia. Sikusema hodi. Nilitikisa kichwa tu, kama unavyomwitikia mtu aliye ng'ambo ya barabara, mwenye kazi zake.

Redio aliwekewa dawa ya kawaida mchana ule ule. Homa ilishuka polepole, na tulijua amepona siku alipomgombeza nesi kwa kuchelewa na chai. Vidole viwili vya mguu vilikwenda. Figo zikabaki. Sasa yuko kwangu, anakaa uani mguu juu ya stuli, na kuanzia kifungua kinywa nyumba haina nafasi ya kupenyeza neno. Koti liko kabatini limekunjwa, jeupe kuliko lilivyopata kuwa, na sijalipiga pasi. Chumba changu kimekuwa chumba tu. Naingia bila hodi.

Kitu kimoja kimebaki. Sindano akirudi kazini, kabla hajanisalimu, namuuliza.

"Kasemaje leo?"

"Kasema ndiyo."

Jana Redio alitusikia. "Nani huyo anayesema ndiyo kila siku?"

"Mtu wa kazini," Sindano alimjibu.

"Basi siku moja mleteni hapa tumwone. Nyumba hii kila ninachoomba naambiwa hapana."

Nikazidi kupepeta mchele. Sindano alikuwa anavua viatu mlangoni, na alichukua muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.